Likizo ambayo mama alikaa kando

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya mwezi wa sita, saa kumi na nusu jioni. Saa ninaijua kwa sababu bibi alikuwa ameniuliza kama muda wa kuwafungia ndama umefika, nami nilikuwa nimetoa simu mfukoni kuangalia. Tulikuwa uani tunapura maharage. Bibi anapiga kwa fimbo kutoka upande wake, mimi kutoka upande wangu, maganda yanaruka hadi kwenye nywele. Bodaboda ikasimama kwenye uwazi wa ua wa minyaa, na aliyeshuka alikuwa mama yangu.

Sikuwa nimemwona kwa zaidi ya mwaka. Mama ni askari, dereva wa gari la wagonjwa, na jeshi lilikuwa limempeleka Kongo na wenzake kulinda amani. Kulinda amani ndivyo tulivyoambiwa, na ndivyo nilivyowaambia wenzangu shuleni. Mama mwenyewe, nilipokuja kumsikia akiongea, aliita vita tu.

Alikuwa amevaa suruali ya kawaida na sweta, begi mgongoni. Nilishika fimbo yangu nikasimama nayo. Nilikuwa nimefikiria siku hiyo mara nyingi, kwamba nitakimbia, nitamkumbatia, na kadhalika, kama wanavyofanya kwenye video. Sikukimbia.

Bibi naye hakukimbia. Alijifuta mikono kwenye kanga, akatembea mpaka kwenye ule uwazi wa ua, akasimama katikati yake. Alimuuliza mama kwa Kiiraqw, nami naandika kwa Kiswahili:

"Umeshika damu ya watu?"

"Nimeshika, mama."

"Na waliokufa?"

"Nao pia."

Bibi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeuliza njia akaonyeshwa. "Basi pitia huku," akasema, akamwonyesha kijia kinachozunguka nyuma ya zizi mpaka kwenye chumba cha mjomba. Hicho ni chumba cha udongo na bati ambacho mjomba alijenga kabla hajahamia Babati. Siku zile kilikuwa na magunia matupu na kuku mmoja anayelalia. Hakumpa mama mkono.

Mama alipopita nikasema shikamoo kutoka pale nilipokuwa.

"Marahaba. Umekuwa mrefu." Kisha akaiona ile fimbo na namna nilivyosimama. "Mguu pande, mwanangu. Sijaja kukagua gwaride."

Nilitaka kucheka, nikachelewa, akawa ameshapita.

Ni lazima nieleze, maana hata wanafunzi wenzangu waliotoka mikoa mingine sikuweza kuwaeleza wakaelewa. Kwetu, zamani, mtu aliyeguswa na damu au na kifo cha namna fulani alikaa kando. Hakuingia nyumba za watu, hakuchota maji kwenye chemchemi pamoja na wengine, hakukaribia ng'ombe, hakushikana mikono na mtu. Alikuwa na sahani yake, kikombe chake na moto wake. Si adhabu, ingawa ukitazama kwa mbali inafanana nayo sana. Siku hizi wengi wameacha. Bibi ni Mkristo na kila Jumapili anakaa benchi la pili, lakini anasema kanisa lilipokuja halikumuuliza juu ya jambo hilo, naye hakuliuliza kanisa, kila mmoja akapita njia yake. Muda aliouweka ulikuwa mpaka mavuno ya mahindi yaingie ndani.

Nitasema kweli: mimi nilifurahi. Sikufurahi kwamba mama analala kule. Nilifurahi kwamba sikulazimika kujua la kufanya. Nimelelewa na bibi tangu nikiwa sijui kuvaa viatu, baba simjui na hiyo ni habari nyingine, na mama nilimjua zaidi kwa simu kuliko kwa uso. Kwenye simu nilikuwa nasema ndiyo mama, sawa mama, nimefaulu mama. Bibi huwa anawaambia watu, mbele yangu, kwamba huyu mtoto ukimuuliza jina lake anaomba muda akafikirie. Sasa mama alikuwa amefika mwenyewe, mzima, na kati yetu palikuwa na nafasi ya kutosha ambayo hakuna ambaye angenilaumu kwa kutoivuka.

Kazi ya kupeleka chakula ilikuwa yangu. Mbele ya chumba cha mjomba kuna jiwe bapa ambalo zamani walikuwa wakinolea mapanga. Nilikuwa naweka sahani juu ya jiwe, narudi nyuma mpaka kwenye kinu kilichopinduliwa, nakaa. Mama anatoka, anachukua, anakaa mlangoni kula. Siku za kwanza tulikula kimya, kila mtu na ugali wake. Niligundua kwamba anakula haraka sana na anatazama huku na huku, halafu anakumbuka, anapunguza mwendo.

Jumatatu bibi nami tuliendelea kupura. Fimbo ya bibi ikilia, na yangu ikilia, nikamwona mama anatoka chumbani, hana viatu, anatembea kwenda kwenye mikaratusi ya mpakani. Alikaa kule mpaka tulipomaliza. Nilifikiri amekwenda haja. Kesho yake tena, fimbo zilipoanza, akatoka. Bibi aliacha kupiga. Aliangalia mikaratusi, akaangalia fimbo yake, kisha akaniambia nifunge mashina yote yaliyobaki tuyapeleke uwanjani kwa jirani, yule mjane wa ng'ambo ya bonde. Jirani alilalamika kwamba tunamletea vumbi. Bibi akamwambia vumbi la maharage halijawahi kuua mtu, na kwamba akitaka atamwachia maganda kwa ajili ya mbuzi wake. Jirani akakubali, maana alikuwa akiyataka tangu mwanzo. Juu ya mikaratusi bibi hakusema neno, wala kwangu wala kwa mama. Tulihama tu.

Tukawa tunapandisha bonde mzigo ukiwa kichwani asubuhi, na mchana nashuka kupeleka chakula. Sijui ni siku gani hasa tulianza kuongea. Nakumbuka mama alikuwa anachambua mchele, bibi alimpelekea kazi ndogo ndogo asikae bure, akaniuliza somo gani linanisumbua. Nikasema fizikia. Akacheka, akasema hata yeye, lakini gari lilimfundisha: ukishuka mteremko wa matope na watu nyuma, fizikia inaingia yenyewe. Nikauliza watu gani. Akasema wagonjwa. Akarudi kwenye mchele.

Niliona kwamba nikikaa kwenye kinu, na yeye mlangoni, na sote tukiangalia chini kwenye kazi, maneno yanatoka. Nilimweleza mambo ambayo bibi hajui: kwamba kuna msichana bwenini anaiga ninavyoongea na wengine wanacheka, kwamba mwalimu akinitaja jina tumbo linauma, kwamba ninaandika kila siku kwa sababu kusema kunanishinda. Hakunipa ushauri. Aliuliza tu, "Anaigaje?" Nikamwigia yule msichana anavyoniiga mimi. Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Hata hafanani," akasema. "Wewe unaongea polepole zaidi."

Huko nje mambo yalikuwa mengine. Majirani wengine walikuja kumsalimia mama, wakasimama kwenye ua, wakatazama, wakaondoka. Kwenye chemchemi mwanamke mmoja aliniuliza, ndoo yake ikijaa, kama ni kweli mama yangu ameua watu. Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza bei. Niliangalia maji. Nilijua jibu na sikulisema, na nilipanda nyumbani na ndoo nikilisema peke yangu njia nzima.

Ndipo mama mdogo akaja. Ni mdogo wake mama, ameolewa Gitting, ni mwalimu wa shule ya msingi na ana sauti ya kuimba inayojulikana huko kote. Alifika Jumatano ya wiki ya pili, mchana, na zawadi ya viazi na kitenge kipya, akapita moja kwa moja kwenda chumba cha mjomba amkumbatie dada yake. Bibi akamwita kutoka jikoni kwa jina lake la utotoni, ambalo yeye halipendi, akasimama.

Walibishana uani, na mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. Mama mdogo alisema watu Gitting wanazungumza. Alisema dada yake ametumikia nchi, ametoka mahali pa kufa akarudi mzima, na badala ya kupokelewa kwa shangwe amewekwa kando kama mwenye ukoma.

"Mama, hii ni karne gani?"

"Ni hii hii unayokuja kula ugali wangu."

"Na Mungu je? Damu ya Yesu haitoshi?"

"Inatosha," bibi akasema. "Mimi sijasema ni mchafu. Nimesema akae."

Mama mdogo alikuwa ameshapanga kila kitu. Alikuwa ameongea na mchungaji kwa simu: Jumapili kutakuwa na shukrani. Mama atakwenda mbele na ndugu zake, atatoa ushuhuda jinsi Mungu alivyomlinda vitani, kwaya itaimba. Akina mama wa kanisa wangekuja Jumamosi jioni kumtoa pale kwa nyimbo, wamvalishe kitenge, alale nyumba kubwa kama mtu. Akapaza sauti kuelekea chumba cha mjomba, amsikie: "Dada, umesikia?"

"Nimesikia," mama akajibu kutoka ndani.

"Uko tayari?"

"Sawa."

Bibi alimwangalia binti yake mdogo, akasema yeye ni mzee, hatapigana na kwaya. Akaingia kuangalia viazi.

Nilifikiri jambo limekwisha, na sikujua kama nifurahi. Lakini jioni ile nilipopeleka chakula, jua likiwa bado kwenye vilele vya mikaratusi, nilimkuta mama ameinama juu ya begi, anakunja nguo. Anakunja kijeshi, kila shati linakuwa dogo kama kitabu. Niliweka sahani kwenye jiwe. Sikurudi kwenye kinu, nilisimama.

"Unahamia nyumba kubwa?"

"Naondoka," akasema. "Jumamosi, gari la asubuhi, kabla hawajafika na nyimbo zao. Likizo iliyobaki nitaimalizia mjini karibu na kambi. Rafiki yangu ana chumba."

Mama alimaliza shati alilokuwa nalo, akalitazama, akalikunjua tena.

"Keti," akasema. Nikaketi chini, pale pale karibu na jiwe.

Sitaandika yote. Alisema kwamba wakati mmoja walibeba mama mmoja na binti yake, binti wa umri wangu, kutoka kijiji kilichochomwa. Barabara ilikuwa imekatika, akazunguka. Mama yule nyuma alikuwa anaomba kwa sauti kwa Kiswahili cha kwao, njia nzima, na mama yangu alikuwa anaitikia amina kutoka kwenye usukani ili ajue kuna mtu anasikia. "Nilifika na mmoja," alisema. Sikuuliza ni yupi. Mpaka leo sijauliza.

"Sasa watanisimamisha pale mbele waseme Mungu alisikia maombi nikarudi. Ni kweli. Lakini yule naye alikuwa anaomba, na aliomba vizuri kuliko mimi. Wakinishangilia nitafanyaje? Nitapunga mkono?"

"Mwambie bibi akatae," nikasema.

"Bibi amekwisha kusema lake." Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelijua nyumbani pale, wala mama mdogo, wala majirani wenye ndoo. "Aliponiuliza pale kwenye ua, ningeweza kusema hapana. Kazi yangu ni kuendesha gari, nani angebisha? Lakini niliposikia swali lile nilijua kuna mahali pa kukaa. Kila mtu mwingine aliniambia pole, karibu, sahau. Yeye peke yake aliuliza."

Kuku aliyekuwa akilalia alitoka, akapita kati yetu.

"Hapa ninalala," mama akasema. "Kule mjini silali. Hapa, kwa sababu hakuna anayetarajia kitu kwangu, ninalala."

Kwa hiyo nilijua. Akikaa kando, anabaki. Wakimtoa, anaondoka, na safari hii hakuna jeshi linalompeleka, anakwenda mwenyewe. Na aliyejua ni mimi, ambaye mwalimu akinitaja jina tumbo linauma.

Alhamisi nilijaribu kumwambia mama mdogo. Alikuwa anamenya viazi, anajaribu nyimbo kwa sauti ya chini, na kila nilipofungua mdomo aliniomba nimsaidie kuitikia. Ijumaa nilijaribu kumwambia bibi. Bibi alinitazama akaniambia: "Kama ni lako, lina mdomo wako. Kama ni la mama yako, mbona unaniletea mimi?" Nikajisikia kulia, nikaenda kukata majani ya ndama.

Ijumaa jioni nilimwomba mama jambo moja. Nilimwomba asichukue gari la asubuhi. Achukue la mchana, lile linalotoka Dongobesh baada ya mnada wa mifugo. Aliuliza kwa nini. Nikasema, basi tu, ingawa nilikuwa natafuta nusu siku zaidi ya kupata maneno. Alinitazama kwa makini, jinsi nadhani alivyokuwa akitazama barabara, akasema sawa, la mchana, na kama watu wakifika mapema atapitia kwenye mikaratusi.

Wakafika mapema. Wanawake wa kanisa hawajui kuchelewa kwenye jambo la nyimbo. Jua lilikuwa halijafika katikati tulipowasikia wakipanda bonde wakiimba, mama mdogo mbele, kitenge kimekunjwa mkononi. Mama alikuwa mlangoni, begi mgongoni tayari. Bibi alikuwa jikoni na hakutoka. Nadhani alikaa huko makusudi, ingawa akiulizwa atasema maziwa yalikuwa motoni.

Nilikwenda nikasimama kwenye kijia cha nyuma ya zizi. Niliposimama pale nikaona sijafikiria la kusema. Waliimba mpaka walipokuwa karibu nami kiasi cha kunigusa, wimbo ukakosa pa kwenda, ukafifia.

"Pisha, mwanangu," mama mdogo akasema, bado anatabasamu.

"Shikamooni," nikasema.

Wakaitikia marahaba, wote, kwa mfuatano. Hiyo ilinipa muda.

"Mama hatoki leo."

Kuna aliyecheka nyuma. Mmoja akasema kumbe mtoto huyu anaongea. Mama mdogo aliuliza kama bibi ndiye amenituma, nikasema hapana. Aliuliza nani basi. Nikasema mimi. Nilikuwa nimeshika mti wa zizi kwa mikono miwili, lakini nilikuwa nimeanza, na niligundua kwamba kuanza ndiko kugumu kuliko vyote.

"Hakuna aliyemfungia. Alikaa mwenyewe. Bibi aliuliza, naye akasema ndiyo, na angeweza kusema hapana. Anapumzika. Mkimtoa ataondoka, gari la mchana, na begi liko mgongoni sasa hivi. Na hajaua mtu. Alikuwa anawabeba. Aliwabeba wengine wakafia mikononi mwake, ndiyo maana."

Nilimtazama yule mwanamke wa chemchemi, aliyekuwa kati yao, niliposema hivyo. Aliangalia chini.

Mama mdogo alinyoosha shingo kuangalia chumba cha mjomba juu ya kichwa changu. Aliliona begi. Uso wake ulibadilika, si kwa hasira, ni kama mtu aliyebeba kitu kizito kwa furaha akaambiwa nyumba siyo hii.

"Na shukrani?" akasema taratibu. "Nimeshamwambia mchungaji. Mungu hapewi asante?"

"Nitapeleka mimi," nikasema. Sikuwa nimepanga. "Sadaka nitaibeba mimi. Nitakwenda mbele."

"Wewe?" Lilikuwa swali la kweli. Ananijua tangu nimezaliwa.

"Mimi."

Katika wale wanawake alikuwamo yule jirani yetu mjane, wa vumbi la maharage. Alisogea mbele, akachukua kitenge mkononi mwa mama mdogo, akasema mume wake alipokufa, yeye walimtoa upesi, wakamketisha kwenye harusi ya shemeji yake, akala pilau na kucheza. "Nilicheza sana," akasema. "Kulia nimekuja kulia mwaka uliofuata, katikati ya palizi, watu wakasema nimerogwa." Alikwenda mpaka kwenye lile jiwe, akaweka kitenge juu yake, akarudi bila kuvuka. Kutoka mlangoni mama akasema asante, shikamoo. Mjane akaitikia.

Hawakuimba walipokuwa wakishuka. Waliongea juu ya mahindi. Mama mdogo alibaki, akakaa kwenye kinu changu akiwa amempa dada yake mgongo, na dada yake akavua begi akakaa mlangoni. Nilikwenda kuchota maji ingawa yalikuwepo. Niliporudi walikuwa wanabishana ni nani aliyevunja chungu cha bibi wakiwa watoto.

Jumapili nilivaa sketi ya shule maana ndiyo nzuri niliyo nayo. Bibi alinipa kuku jike mwenye madoa na kisado cha maharage mapya. Kuku nilimshika kwapani, maharage akabeba mama mdogo. Kanisani nilimbana kuku kwapani kuanzia wimbo wa kwanza. Mchungaji alipoita wenye shukrani nilisimama, na nakumbuka vizuri kwamba sakafu ilikuwa mbali. Mchungaji huyu ametoka mkoa mwingine, hajui mambo ya huku yote. Aliuliza mwenye shukrani yuko wapi.

Nikasema, "Yuko nyumbani, anapumzika. Anashukuru."

Huo ndio uliokuwa ushuhuda wote. Mchungaji alisubiri kidogo kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Akasema, basi Mungu aendelee kumpa pumziko, na mama mdogo, bila kuombwa, akaanzisha wimbo wa polepole badala ya ule wa shangwe uliopangwa, na benchi la pili likaitikia kabla ya kwaya. Ilikuwa sauti ya bibi.

Baada ya ibada sadaka za vitu hunadiwa nje. Kuku wangu alipoinuliwa juu na mzee wa kanisa aliponyoka, akaingia chini ya pikipiki ya mchungaji, akatoka upande wa pili, akazunguka kanisa lote huku watu wazima na suti zao wakimfukuza. Mzee mmoja aliyekuwa amekwisha kutaja bei yake alisimama akishika kiuno, akasema nyumba ile hata kuku wake wamepitia mafunzo ya jeshi, yeye anaondoa dau. Watu walicheka, nami nilicheka katikati yao, na nilijikuta nimesimama na wasichana wawili wa kijijini ambao huwa tunapitana tu, tunacheka wote.

Nilimsimulia mama mchana, sahani ikiwa kwenye jiwe. Nilisimulia kwa miguu na mikono, nikawa mzee, nikawa kuku. Mama alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaendelea kuyafuta baada ya kicheko kuisha, na sote tukaacha iwe hivyo. Mama mdogo alipanda gari la jioni kurudi Gitting. Begi lilikuwa limening'inizwa kwenye msumari ukutani, limelegea, halina kitu.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na sauti ya jembe. Mama alikuwa nyuma ya chumba cha mjomba, amejifunga kile kitenge kipya kiunoni kama kitambaa cha kazi, anachimba udongo. Alisema ukuta wa upande wa mikaratusi umeachia fito, upepo unapita, na kama atakaa mpaka mavuno yaingie ndani hawezi kukaa hivyo. Aliniambia niombe kwa bibi samadi na maji. Bibi alitoa vyote bila kuuliza, akaongeza kwamba udongo wa mahali pale hauna nguvu, tuchukue wa kwenye kichuguu.

Tukaukanyaga, yeye kwenye shimo lake na mimi kwenye langu. Kisha mama akaingia ndani na karai, mimi nikabaki nje, tukaanza kukandika ukuta mmoja kutoka pande zote mbili. Palipokuwa wazi niliona vidole vyake, halafu tukapaziba, nikawa nasikia kiganja chake tu kikipiga upande wa pili, pa, pa, karibu na changu. Aliniuliza kupitia ukutani kama udongo wangu umelainika. Nikasema bado, niongezee maji.